Mzigo, karatasi na pesa: jinsi ya kuifungua biashara ya kimataifa sekondari

Mwanafunzi wa sekondari huikuta biashara ya kimataifa ikiwa imekatwa vipande. Kwenye Uchumi anapewa faida linganishi na urari wa malipo. Kwenye somo la Biashara anakariri ankara, bima na aina za hati. Kwenye Jiografia anachora njia za meli na bandari kuu. Vipande hivyo havikutanishwi, ndiyo maana mtu anaweza kufaulu vizuri huku akiamini kwamba ushuru wa forodha hulipwa na nchi iliyouza bidhaa. Sivyo. Ushuru hulipwa na anayeingiza mzigo, kwa serikali ya nchi yake mwenyewe. Muuzaji wa nje anauhisi pale tu mnunuzi anapopunguza oda au kumbana ashushe bei.

Dawa yake ni kuifuata shehena moja tangu oda hadi ghalani, huku ukiangalia vitu vitatu: mzigo, karatasi na pesa. Kila kimoja kina njia yake na saa yake. Mzigo uko baharini, karatasi ziko benki, pesa bado hazijatoka. Ukiweza kusema wakati wowote kila kimoja kiko wapi, na kikikwama nani anaumia, sehemu kubwa ya mada umeshaielewa. Kabla ya hapo, lakini, kuna hesabu moja isiyokwepeka.

Kwa nini nchi ziuziane

Mwaka 1817 David Ricardo alitoa mfano wa Uingereza na Ureno ambao hadi leo ndio mlango wa mada hii. Kutengeneza kiasi fulani cha nguo kwa mwaka, Uingereza inahitaji wafanyakazi 100. Kutengeneza kiasi fulani cha divai inahitaji 120. Ureno, kwa kiasi hichohicho, inahitaji wafanyakazi 90 kwa nguo na 80 kwa divai.

Wanafunzi wengi hutazama namba hizi na kuandika: Ureno ni bora kwa vyote viwili, basi haina haja ya kununua kwa Uingereza. Hapo ndipo faida kamili, yaani kutumia watu wachache kuliko mwenzako, inapochanganywa na faida linganishi, yaani kujinyima kidogo kuliko mwenzako. Usilinganishe wafanyakazi wa nchi moja na wa nyingine. Gawanya ndani ya nchi ileile kwanza. Ureno ikitumia watu 90 kutengeneza kipimo kimoja cha nguo, inajinyima divai ambayo watu hao wangetengeneza: 90 gawanya kwa 80, yaani vipimo 1.125 vya divai. Uingereza, kwa nguo hiyohiyo, inajinyima 100 gawanya kwa 120, yaani 0.83 tu. Kwa kipimo cha divai inayopotea, nguo ni rahisi zaidi Uingereza. Geuza hesabu uone divai: Ureno inajinyima nguo 0.89, Uingereza 1.2. Divai ni rahisi zaidi Ureno.

Sasa wabadilishane kipimo kimoja kwa kimoja. Uingereza inatengeneza nguo mbili kwa watu 200, inauza moja na kupata divai. Ingejitengenezea vyote viwili ingetumia watu 220. Ureno inatengeneza divai mbili kwa watu 160 badala ya 170. Watu 390 wamekuwa 360, na bidhaa ni zilezile. Hao 30 ndio faida ya biashara, na inafaa mwanafunzi awahesabu mwenyewe kwa kalamu, maana sentensi ya kukariri haimshawishi mtu.

Hesabu hiyo inatoa pia mipaka ya bei. Nguo moja ikipata chini ya divai 0.83, Uingereza itakataa. Ikidaiwa zaidi ya divai 1.125, Ureno itakataa. Bei halisi itaangukia katikati, na ikisogea upande mmoja ndiyo tofauti ya nani anapata zaidi. Mambo mawili mfano huu hauyasemi. Hauhesabu nauli, na nauli ikimeza akiba yote, biashara hiyo haifanyiki. Pia unaonyesha nchi nzima inapata, hauonyeshi mfumaji wa Ureno aliyefungiwa karakana yake. Mwanafunzi akiandika hoja hii kwenye jibu lake, ameuelewa mfano kuliko aliyekariri ufafanuzi wake.

Baiskeli 200

Tuchukue mnunuzi anayeagiza baiskeli 200, kila moja dola 60, zikiwa zimefunguliwa vipande na kufungwa kwenye maboksi. Namba za bei, ushuru na kodi humu ni za zoezi. Mwalimu anaweza kuzibadilisha na za nchi yake, ila mpangilio wa hesabu uubakishe.

Swali la kwanza ni la ujazo, kabla hata ya bei. Boksi la sentimita 140 kwa 20 kwa 75 lina mita za ujazo 0.21. Maboksi 200 ni mita 42. Kontena la futi 20 lina takribani mita za ujazo 33 ndani, kwa hiyo mzigo hauingii. La futi 40 lina takribani 67, mzigo unaingia na nafasi kubwa inabaki tupu. Nauli ya kontena zima ni ileile, liwe limejaa au nusu. Nauli ikiwa dola 1,800, kila baiskeli inabeba dola 9. Angeagiza 280, ambazo ni mita 58.8, kila moja ingebeba dola 6.43. Hii ndiyo sababu wauzaji wa jumla huagiza kwa kontena na si kwa idadi inayopendeza masikioni.

Kisha zinakuja zile herufi tatu za mkataba, kama FOB au CIF, zinazotaja sharti la kukabidhi mzigo. Incoterms ni kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, yenye makao yake Paris. Zilitoka mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo la 2020 lina masharti 11. Manne kati yake, FAS, FOB, CFR na CIF, ni ya usafiri wa majini tu. Zinajibu maswali matatu: nani anapanga na kulipia kipande gani cha safari, hatari inahama wapi, na nani anashughulikia forodha ya upande upi. Hazisemi umiliki unahama lini wala malipo yanafanyika lini. Hayo huandikwa kwenye mkataba wenyewe.

Chini ya FOB, muuzaji anafikisha mzigo hadi ndani ya meli kwenye bandari iliyotajwa, na kuanzia hapo hatari ni ya mnunuzi. Chini ya CIF, muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi. Hapa ndipo mtego ulipo. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa muuzaji amelipia safari nzima, basi hatari pia ni yake hadi mwisho. La hasha. Chini ya CIF hatari inahama palepale inapohama chini ya FOB, yaani mzigo unapokuwa ndani ya meli bandarini unakotoka. Meli ikizama katikati ya bahari, aliyepata hasara ni mnunuzi, naye ndiye anayedai bima ambayo muuzaji alimnunulia.

Bima hiyo nayo ina lake. CIF inamtaka muuzaji akate bima ya kiwango cha chini tu, kwa asilimia 110 ya thamani ya mkataba. Kiwango hicho kinashughulikia mambo makubwa kama moto, kuzama na kugongana kwa meli. Wizi wa maboksi kumi hakiugusi. Mnunuzi anayetaka zaidi aseme kwenye mkataba na alipie tofauti.

Jambo jingine ambalo vitabu vya shule huliruka: FOB haifai sana mzigo wa kontena. Kontena hukabidhiwa kwenye yadi siku kadhaa kabla ya kupandishwa melini, na likiharibika katikati ya geti na meli, muuzaji bado anabeba hatari ya mzigo ambao hauko tena mikononi mwake. Sharti linalofaa hapo ni FCA, linalohamisha hatari pale mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji. Wafanyabiashara wengi wanaendelea kuandika FOB kwa mazoea. Na sharti lolote liandikwe kamili, pamoja na jina la mahali na toleo la kanuni. “FOB” peke yake, bila jina la bandari, inawaachia wawili kubishana kila mmoja na bandari yake kichwani.

Karatasi inayoshika mzigo

Kati ya karatasi zote, hati ya shehena, ambayo mawakala wa forodha huiita BL, ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu darasani. Ina kazi tatu kwa pamoja: ni stakabadhi ya kampuni ya meli kwamba imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji, na ikiwa imeandikwa kwa namna ya kuhamishika, aliye nayo ndiye mwenye haki ya kuuchukua mzigo. Hiyo kazi ya tatu ndiyo inayoiwezesha biashara kati ya watu wasiojuana. Kwa kawaida nakala halisi hutolewa tatu, na moja ikishatumika kuchukua mzigo, nyingine hazina nguvu tena.

Ankara ya biashara inasema nini kimeuzwa kwa bei gani. Orodha ya vifungashio inasema kila boksi lina nini na uzito gani. Cheti cha uasilia wa bidhaa kinasema imetengenezwa nchi gani, na kinaweza kubadilisha ushuru wote.

Meli mara nyingi hufika kabla ya karatasi. Kontena linakaa bandarini, siku za bure zinakwisha, gharama za kuchelewa zinaanza kuhesabiwa kwa siku, na mnunuzi hana la kufanya kwa sababu hati iko bado benki.

Pesa, na benki isiyoona baiskeli

Muuzaji anaogopa kutuma mzigo asilipwe. Mnunuzi anaogopa kulipa asipate mzigo. Njia za malipo ni ngazi kati ya hofu hizo mbili. Malipo ya awali humtua muuzaji na kumwachia mnunuzi hofu yote. Akaunti wazi, mzigo unapotumwa kwanza na kulipwa baada ya siku 30, 60 au 90, ni kinyume chake. Katikati kuna ukusanyaji kwa njia ya hati, ambapo benki inashikilia karatasi hadi mnunuzi alipe, lakini yenyewe haiahidi chochote. Na kuna barua ya mkopo, LC.

Jina hilo linapotosha. LC ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba itamlipa muuzaji akileta hati zilizotajwa, zikiwa sawa, ndani ya muda. Kanuni zake zinazotumika kote, UCP 600, zilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2007. Benki inashughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Maboksi yakiwa na mawe ndani lakini karatasi zikiwa safi, na benki haijui lolote, benki italipa. Baiskeli zikiwa nzuri kabisa lakini karatasi zikiwa na dosari, benki inaweza kukataa. Mnunuzi anayetaka ulinzi dhidi ya mawe aongeze kwenye LC sharti la cheti cha ukaguzi kutoka kwa mkaguzi huru, basi.

Dosari zenyewe huwa ndogo na zinauma. LC inasema mzigo upakiwe kabla ya Juni 30, hati ya shehena inasomeka Julai 2. Ankara inaeleza bidhaa kwa maneno yasiyolingana na ya LC. Hati zinafika siku ya 25 baada ya kupakia, wakati kanuni inataka hati zenye nakala halisi ya hati ya shehena ziwasilishwe ndani ya siku 21 za kalenda, na kabla LC haijaisha muda. Benki ina hadi siku tano za kazi kuzikagua. Ikikataa, muuzaji anabaki akimwomba mnunuzi aikubali dosari, na mnunuzi mjanja ataomba punguzo papo hapo.

Sarafu inaongeza ugumu wake. Mkataba wa dola 12,000 unaolipwa baada ya siku 90 umesainiwa dola ikiwa vipande 100 vya sarafu ya mnunuzi. Siku ya kulipa dola ni 108. Bili imepanda kutoka 1,200,000 hadi 1,296,000 bila baiskeli hata moja kuongezeka. Kwa muuza jumla anayefanya kazi kwa faida ya asilimia 10, karibu yote imekwenda. Anaweza kujikinga kwa kukubaliana na benki leo bei ya kununua dola siku 90 zijazo. Atakosa nafuu dola ikishuka, lakini anajua gharama yake.

Forodhani

Kila bidhaa ina namba. Mfumo wa uainishaji wa Shirika la Forodha Duniani ulianza kutumika mwaka 1988, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia. Zinazofuata kila nchi hujipangia. Baiskeli isiyo na mota ni 8712.00. Swali zuri la darasani: hizi zimefunguliwa vipande, je, si vipuri? Hapana. Kanuni ya 2(a) ya ufasiri inasema kitu kamili kilicholetwa kikiwa hakijaunganishwa huainishwa kama kitu kamili. Lakini tairi mpya za baiskeli zikiletwa peke yake ni 4011.50, na tandiko ni 8714.95. Baiskeli ya umeme ni 8711.60. Tarakimu zikikosewa, ushuru unakuwa mwingine, na faini inaweza kufuata.

Sasa hesabu. Bei ya FOB ni 12,000. Ongeza nauli 1,800 na bima 150, unapata 13,950. Nchi nyingi hutoza ushuru juu ya thamani hii ya CIF, ingawa Marekani huondoa nauli na bima ya kimataifa. Ushuru tuuweke asilimia 10: dola 1,395. Kodi ya ongezeko la thamani, tuseme asilimia 15, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 15,345: dola 2,301.75. Kosa linalojirudia kila mwaka ni kutoza kodi hii juu ya 13,950. Ongeza bandari na wakala 650, na lori 400. Jumla ni 18,696.75, au dola 93.48 kwa baiskeli. Mnunuzi aliyesajiliwa kwa kodi hiyo na anayeruhusiwa kurejeshewa ataitoa kwenye gharama, abaki na 81.98. Yeyote aliyepanga bei ya kuuza kwa kufikiria 60 jumlisha asilimia 10 atauza kwa hasara kuanzia baiskeli ya kwanza.

Ushuru wenyewe unatoka wapi? GATT, mkataba wa jumla wa ushuru na biashara, ulisainiwa na nchi 23 mwaka 1947, na Shirika la Biashara Duniani likaanza kazi Januari 1, 1995, Geneva. Nguzo yake ni kutobagua: ukimpunguzia mwanachama mmoja ushuru wa baiskeli, wape wote. Ruhusa kubwa ya kwenda kinyume ni eneo huru la biashara na umoja wa forodha. Katika eneo huru, wanachama hawatozani ushuru lakini kila mmoja ana ushuru wake kwa wa nje, kwa hiyo baiskeli ya nje ingeweza kupenyezwa kupitia mwanachama mwenye ushuru mdogo. Ndiyo maana uasilia unathibitishwa kwa cheti. Umoja wa forodha una ushuru mmoja kwa wa nje. Ulaya ilifika hatua hiyo mwaka 1968, ikawa na soko la pamoja mwaka 1993, na sarafu ya euro mwaka 1999. Kwa mwanafunzi, tarehe hizo tatu zinaonyesha ngazi za muungano kwa mpangilio wake.

Kuliendesha darasani

Vipindi vinne vinatosha. Gawa darasa makundi sita: muuzaji, mnunuzi, benki ya kila mmoja, kampuni ya meli, na forodha pamoja na wakala. Kila kundi lipewe karatasi zake tu. Hili ni muhimu, maana darasa likiona kila kitu hakuna atakayeelewa kwa nini hati ya shehena ina thamani. Kipindi cha kwanza, mkataba na hesabu ya ujazo. Cha pili, LC inafunguliwa na hati zinaandikwa kwa mkono. Cha tatu, benki zinakagua, na mwalimu awe amepanda dosari tatu mapema: tarehe, maelezo ya bidhaa, na jumla isiyolingana. Siri ya zoezi iko hapo: benki ikipitisha hati zote, makosa yajadiliwe kabla ya kuendelea. Cha nne, forodha, gharama kamili, na takwimu za taifa.

Kwenye takwimu ndipo wanafunzi hujikwaa kwa maneno. Urari wa biashara ni mauzo ya nje ukitoa manunuzi ya nje. Urari wa malipo ni daftari pana zaidi, lenye huduma, mapato, fedha zinazotumwa na jamaa, uwekezaji na mikopo. Kwa jinsi linavyoandikwa pande zake mbili hulingana, na panapopelea huwekwa mstari wa makosa na yaliyosahaulika. Uwiano wa bei za biashara ni kitu cha tatu kabisa: fahirisi ya bei za mauzo gawanya kwa fahirisi ya bei za manunuzi, mara 100. Nchi inaweza kuwa na nakisi huku uwiano huo ukipanda.

Mwishoni waambie kundi la muuzaji na la mnunuzi kila moja liandike thamani ya shehena kwenye takwimu za forodha za nchi yake. Muuzaji ataandika 12,000, kwa kuwa mauzo ya nje hurekodiwa kwa FOB. Mnunuzi ataandika 13,950, kwa kuwa manunuzi kwa kawaida hurekodiwa kwa CIF. Wataanza kusahihishana. Waache kwanza, kisha uwaulize: ikiwa mzigo uliondoka Desemba na kufika Januari, uhesabiwe mwaka upi? Muuzaji atautia kwenye mwaka unaoisha, mnunuzi kwenye mwaka mpya, na daftari zote mbili zitakuwa sahihi.